Utando wa dhahabu uliokataa kutanda: kisa cha maabara moja Arusha

Kisa hiki kilitokea katika maabara ya chuo kimoja mkoani Arusha. Nimeondoa jina la chuo, mwaka, na chochote kinachoweza kumtambulisha mhusika. Mwanafunzi mwenyewe amesoma uchambuzi huu na ameridhia usambazwe. Mimi nilikuwa msimamizi wake. Tulipoteza karibu muhula mzima na theluthi ya chupa ya dhahabu kloridi tukitafuta kosa mahali ambapo halikuwepo, na mtu aliyebeba lawama muda wote huo hakuwa na kosa. Naandika kwa ajili ya wanaoanza kazi hii katika maabara kama yetu, zenye vifaa vichache na watu wenye bidii.

## Tulichokuwa tunatafuta

Wakulima wa nyanya kwenye miteremko ya Meru hupiga dawa za ukungu mara kwa mara, hasa mvua zinapokaza. Nyanya ikifika sokoni, si dalali wala mama anayenunua fungu anayeweza kujua ngozi yake imebaki na nini. Mashine za kupima zipo, lakini ni kubwa, ghali, na sampuli zake husubiri foleni. Mwanafunzi wetu wa uzamili alitaka njia fupi: kipande cha kioo kilichopakwa utando mwembamba wa dhahabu. Unapangusa nyanya kwa pamba yenye ethanoli, unadondoshea utando tone la ethanoli hiyo, unamulika kwa leza, unasoma jibu.

Njia hiyo inaitwa Raman, kwa jina la C. V. Raman, mwanafizikia wa India aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1930. Mwanga wa leza unapogonga molekuli, sehemu ndogo sana ya mwanga huo hurudi ikiwa imebadilika rangi kidogo, na kila aina ya molekuli ina mabadiliko yake, kama alama za vidole. Tatizo ni kwamba ishara yenyewe ni hafifu mno. Hapo ndipo dhahabu inapoingia. Molekuli ikikaa kwenye upenyo wa nanomita chache kati ya chembe mbili za dhahabu, ishara yake hukuzwa maelfu kwa maelfu ya mara. Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Chembe zetu zilikuwa na kipenyo cha nanomita 13 hivi.

Kwa hiyo tulihitaji chembe zilizopangwa bega kwa bega, safu moja, zikiwa karibu sana lakini hazijagandana kuwa bonge. Tulipiga hesabu ubaoni: kulifunika bakuli la kioo lenye upana wa sentimita 5 kunahitaji chembe kama trilioni 13. Zote kwa pamoja zina uzito wa miligramu 0.3 tu za dhahabu. Hakuna mkono wala mashine ya kuzipanga moja moja. Zinatakiwa zijipange.

## Kwa nini mpaka wa vimiminika viwili

Mimina mafuta juu ya maji na mpaka unaonekana. Mpaka huo una gharama ya nishati, kwa sababu molekuli za maji hazipendi kugusana na za mafuta. Kati ya maji na heksani, mafuta mepesi tuliyoyatumia, gharama hiyo ni kama milinyutoni 50 kwa kila mita. Chembe yoyote ikija kukaa pale katikati, nusu ndani ya maji na nusu ndani ya mafuta, inafuta kipande cha mgusano huo wa gharama, na nishati ya mfumo wote inashuka. Chembe ya nanomita 13 ikikaa sawasawa, kuing'oa pale kunahitaji nishati zaidi ya mara 1,000 ya ile ya mtikisiko wa kawaida wa joto. Ikishafika, haitoki.

Jambo hili limejulikana muda mrefu. Ramsden mwaka 1903 na Pickering mwaka 1907 walieleza jinsi chembe ngumu zinavyozunguka matone ya mafuta na kuyazuia yasiungane. Pieranski aliandika hesabu ya nishati mwaka 1980. Na mwaka 2004 watafiti wa Utrecht, Uholanzi, walionyesha njia tuliyoifuata sisi: unaweka chembe za dhahabu ndani ya maji, unamimina juu yake mafuta mepesi, kisha unaongeza ethanoli kidogo kidogo, na dhahabu inapanda yenyewe hadi mpakani.

Kwa nini ethanoli? Chembe zetu huvikwa sitrati, chumvi ya asidi ya ndimu, inayozipa chaji hasi. Chaji hiyo ndiyo inayozifanya zisukumane na kubaki zimeelea majini bila kugandana. Lakini chaji hiyo hiyo inazifanya zipende maji kupita kiasi na kuukwepa mpaka. Ethanoli inapunguza chaji kwenye uso wa chembe na kuifanya iyavumilie mafuta. Ikiwa kidogo mno, hakuna kinachopanda. Ikiwa nyingi kwa ghafla, chembe zinagandana kabla hazijafika, na dhahabu iliyogandana haigandukani.

Naomba msomaji ashike jambo moja kabla hatujaendelea, maana ndilo sikulishika mimi wakati ule: mpaka hauchagui dhahabu. Unakusanya chochote ambacho upande wake mmoja unapenda maji na mwingine unapenda mafuta.

## Wiki za kwanza

Kutengeneza chembe kulikwenda vizuri. Tulitumia njia ya Turkevich ya mwaka 1951: unachemsha mililita 100 za dhahabu kloridi iliyoyeyushwa, unamwaga sitrati kwa mara moja, na unakaa unatazama. Rangi ya njano hafifu inapotea kabisa, inakuja weusi wa zambarau, na ndani ya dakika chache flaski nzima inakuwa nyekundu kama rosela iliyokolea. Kifaa cha kupima mwanga unaofyonzwa kilionyesha kilele karibu na urefu wa wimbi wa nanomita 520, pale pale panapotakiwa kwa chembe za ukubwa huu. Gramu 1 ya dhahabu kloridi inatosha flaski 25 za namna hiyo. Chupa yetu ilikuwa ya gramu 1, na kuagiza nyingine ni safari ya wiki nyingi.

Mpakani ndipo palipokwama. Mwanafunzi aliweka dhahabu bakulini, akamimina heksani juu, akadondosha ethanoli kwa pipeti. Badala ya utando unaong'aa, alipata mabaka. Pembeni palikuwa na mchirizi wa dhahabu, katikati tupu, na chini punje nyeusi. Siku nyingine, kati ya maji na heksani palijaa tabaka jeupe zito kama mtindi, na halikutoka hata kesho yake asubuhi.

Nilisimama nyuma yake siku moja nikamtazama. Ni kweli pipeti ilikuwa ikitetemeka. Nani asiyetetemeka msimamizi akiwa begani? Nikaandika kwenye daftari lake la maabara: "Mikono haijatulia. Rudia." Akarudia. Alirudia kwa wiki tatu, wakati mwingine hadi usiku, na kila flaski iliyokwenda ilikuwa dhahabu.

## Uamuzi wangu wa kwanza, na kwa nini niliufanya

Baada ya wiki tatu nilianza kutilia shaka chembe zenyewe. Hoja yangu ilikuwa hii: Arusha iko mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka karibu na nyuzi 95, na utaratibu tuliofuata uliandikwa na watu wanaochemshia kwenye nyuzi 100. Labda chembe zetu zilikuwa na ukubwa usiolingana. Hoja ilisikika nzuri. Kila mtu anayepika maharage Arusha anajua kwamba mwinuko una gharama yake.

Kwa hiyo niliagiza dhahabu itengenezwe upya kwa viwango tofauti vya sitrati. Hapo ndipo theluthi ya chupa ilipokwenda. Chembe zilitoka nzuri kila mara, nyekundu ile ile, kilele pale pale, na mpakani mabaka yakawa yale yale.

Leo nikiitazama hoja ile naona kasoro yake bila shida. Kipimo cha nanomita 520 kilikuwa kimeshanijibu tangu wiki ya kwanza kwamba chembe ni nzima. Nilikuwa na jibu mkononi, nikatumia dhahabu kuuliza swali lile lile.

Mtuhumiwa wa pili alikuwa maji. Akisikia neno maji, mtu wa Arusha kwanza anawaza floridi, na si bure: miamba ya volkano inayozunguka Meru huachia floridi kwenye chemchemi na visima, na sehemu nyingi hupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Mwanafunzi alipima maji ya mtambo wetu, yale yanayochemshwa yakawa mvuke kisha yakapozwa, kwa kipimo cha upitishaji umeme. Namba ilikuwa ndogo kabisa. Chumvi hakuna, floridi hakuna. Nikaandika kwenye daftari kwamba maji ni safi, tukafunga ukurasa huo. Kumbe maji ndiyo yaliyokuwa na kosa.

## Fundi anatikisa chupa

Fundi wetu wa maabara ni mama mtu mzima aliyekulia katika nyumba ya ng'ombe, upande wa Meru. Asubuhi moja alimkuta mwanafunzi amekaa mbele ya bakuli lenye ule "mtindi" mweupe. Akaliinua, akaliinamisha kidogo, akalitazama kwa mwanga wa dirisha.

"Mwanangu," akamwambia, "hii haina tabia ya mafuta na maji. Hii ina sabuni."

"Hapana, mama. Vyombo nimeosha mwenyewe, nimesuuza mara tano kwa maji ya mtambo."

"Maji ya mtambo umeyatoa wapi?"

"Kwenye dumu."

Hakubishana. Alichukua chupa mbili ndogo za kioo zilizokuwa mpya, hazijawahi kuoshwa. Moja akaijaza nusu kwa maji yaliyokuwa yakidondoka moja kwa moja kutoka kwenye mtambo, nyingine kwa maji ya dumu. Akaongeza heksani juu ya kila moja, akazifunga, akatikisa zote mbili pamoja, mkono huu na mkono huu, kama anayetikisa kibuyu. Akazisimamisha mezani.

Chupa ya kwanza ilikata hapo hapo. Matone makubwa yalipanda, yakaungana, na ndani ya sekunde chache mpaka ulikuwa mnyoofu kama mstari wa rula. Chupa ya pili ilibaki na ukungu mweupe. Tulikunywa chai, tukarudi, ukungu ulikuwa bado upo.

Dumu lile la lita 20 liliwekwa maabara mwanzoni mwa muhula, niliposema vyombo vyote vioshwe vizuri. Lilioshwa kwa sabuni ya maji, na sabuni ya kuosha vyombo ni hodari wa kung'ang'ania plastiki. Kiasi kilichobaki kilikuwa kidogo sana. Kipimo cha upitishaji umeme kinaona chumvi. Sabuni kidogo namna ile hakiioni. Lakini mpaka unaiona. Molekuli ya sabuni ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta, ni ndogo kuliko chembe ya dhahabu, na inakimbia kasi zaidi. Inafika mpakani kwanza, inajaza nafasi, inapunguza ile gharama ya nishati iliyokuwa ivute dhahabu. Dhahabu ikija inakuta wenyeji wamekaa.

Kuanzia siku hiyo maji yalikingwa kwenye flaski ya kioo moja kwa moja kutoka mtamboni. Vyombo vya kazi hii vilitengwa na vya wanafunzi wengine, vikasafishwa kwa mchanganyiko wa asidi haidrokloriki na asidi nitriki, sehemu 3 kwa 1, ambao huyeyusha hata mabaki ya dhahabu. Kazi hiyo alifanya fundi peke yake, ndani ya kabati la kuvutia mvuke, na miwani na glavu nzito. Umeme ukikatika na feni ya kabati ikisimama, kila kitu kinafunikwa na watu wanatoka nje. Hilo halikuwa na mjadala, kwa asidi ile wala kwa heksani, ambayo inawaka kirahisi na ikivutwa kwa muda mrefu inaharibu mishipa ya fahamu.

## Mpira wa dripu

Bakuli la kwanza baada ya hapo lilituonyesha utando kwa mara ya kwanza. Ulikuwa mwembamba, na bado punje nyeusi zilionekana pale tone la ethanoli lilipoangukia, lakini ulikuwa utando. Ukiutazama kwa juu unang'aa kama pete. Ukiinua bakuli kuelekea dirishani, mwanga unaopita ni wa buluu. Mwanafunzi aliita watu wa chumba cha pili waje waone.

Punje nyeusi zilituambia kwamba ethanoli inaingia kwa haraka mno mahali pamoja. Maabara zenye uwezo hutumia pampu ya sindano. Sisi hatuna. Mwanafunzi akaenda duka la dawa, akanunua mpira wa dripu, ule wa hospitali wenye kigurudumu cha kubana, akatundika chupa ya ethanoli kwenye stendi. Nilimsifu, na bado namsifu. Ulikuwa ubunifu wa mtu anayefikiri.

Mpira ule ulituletea mambo mawili, na yote mawili yanafaa kujulikana.

La kwanza ni hesabu ya matone. Pakiti imeandikwa matone 20 kwa mililita 1. Mwanafunzi alihesabu matone kwa uaminifu, akapata utando dhaifu kuliko tulivyotarajia. Siku ya tatu fundi akadondoshea ethanoli kwenye silinda ya kupimia, akahesabu kwa sauti: ilichukua matone kama 50 kufika mililita 1. Namba ya pakiti ni ya dawa za maji. Ukubwa wa tone unategemea mvutano wa uso wa kimiminika, na ethanoli ina mvutano chini ya theluthi ya ule wa maji, kwa hiyo matone yake ni madogo. Tulikuwa tukitia chini ya nusu ya kiasi tulichokusudia. Tuliporekebisha, utando ukajaa bakuli zima, kutoka ukingo hadi ukingo, na tukadhani tumefika.

La pili lilijificha zaidi. Tando zilikuwa nzuri kwa macho, lakini tulipoziweka chini ya kifaa cha Raman tulichoazimwa, chenye leza ya nanomita 785, kila utando ulitoa milima ya ishara ambayo haikuwa ya dawa yoyote. Hata utando ambao haujaguswa na kitu. Na baada ya siku moja au mbili, juu ya kioo yalionekana madoa madogo ya mafuta, ambayo ukiyageuzia mwanga yanatoa rangi za upinde wa mvua.

Safari hii hatukugusa dhahabu. Tulijaza ethanoli kwenye kipande cha mpira wa dripu, tukakiacha usiku kucha, asubuhi tukaimwaga kwenye kioo cha saa, yaani kisahani kidogo cha kioo cha maabara, na kuiacha ikauke. Ethanoli safi ikikauka haiachi kitu. Hii iliacha duara la mafuta mazito, yasiyokauka, yanayoteleza ukiyagusa kwa ncha ya kijiti. Mipira mingi ya dripu ni ya plastiki ya PVC, ambayo kwa asili ni ngumu na hulainishwa kwa kuchanganywa na mafuta maalumu. Maji hayayatoi mafuta hayo kwa kiasi cha maana. Ethanoli inayachota. Tulikuwa tumeondoa sabuni kwenye dumu, kisha tukaingiza uchafu mwingine kupitia chombo tulichojivunia.

## Bureti

Jibu lilikuwa kabatini muda wote. Bureti, chombo ambacho kila aliyefanya titrasheni kidato cha sita amekishika, ni ya kioo, ina bomba linalorekebishika, na imeandikwa mililita ubavuni. Tulichagua yenye bomba la teflon, plastiki inayoteleza yenyewe, ili isihitaji grisi, maana grisi nayo ingekwenda pale pale mpakani. Ncha tuliielekeza kwenye ukuta wa bakuli, ethanoli ikawa inateremka kwenye kioo badala ya kuanguka kama tone, na punje nyeusi zikaisha.

Kiasi cha dhahabu nacho tulikipunguza. Kwa hesabu ile ya ubaoni, chini ya mililita 2 za myeyusho wetu zina chembe za kutosha kulifunika bakuli. Tulikuwa tukimimina 50. Tulishuka hadi 10, kwa kuwa si zote hupanda, na dhahabu iliyobaki chupani ikawa inatosha kumaliza utafiti.

Kuinua utando ni kazi ya mkono na ya subira. Unaacha heksani ipungue ndani ya kabati mpaka ibaki ngozi tu juu ya maji. Kipande cha kioo kimeshalazwa chini ya bakuli, kimeinamishwa kidogo. Unanyonya maji kutoka pembeni, polepole, na uso unashuka wenyewe hadi kioo kinatokeza kikiwa kimevaa utando. Ukiharakisha, utando unakunjamana kama shuka. Mwanafunzi alifanya kazi hii asubuhi na mapema, kabla ya upepo na kabla ya watu kuanza kufungua milango. Nilikuwepo alipoinua wa kwanza mzima. Mikono yake ilikuwa imetulia kabisa, na sasa naamini ilikuwa imetulia tangu mwanzo.

## Matokeo

Mabakuli matano mfululizo yalitoa utando mzima. Utando usioguswa ulitoa mstari mtulivu kwenye Raman. Ulipodondoshewa thiramu, dawa ya ukungu tuliyoichagua kwa majaribio, ulionyesha kilele chake kikubwa karibu na 1,380 kwa kila sentimita, mahali panapojulikana. Hilo lilifanyika kwa thiramu safi iliyoyeyushwa maabara. Ngozi ya nyanya halisi ina nta, vumbi na mengine mengi, na hatua hiyo imeachwa kwa kazi inayofuata. Tatizo moja halijatatuliwa: sehemu ya dhahabu bado hupanda ukuta wa bakuli na kuacha pete inayong'aa juu ya maji, na dhahabu hiyo inapotea.

## Kilichofaa na kilichoshindikana

Kilichotuokoa ni jaribio lisilo na dhahabu. Kutikisa maji na heksani kwenye chupa mpya kunagharimu dakika moja, na kunakagua mambo ambayo mashine zetu haziyaoni. Sasa linafanywa kila asubuhi kabla chupa ya dhahabu haijafunguliwa, na matokeo yanaandikwa daftarini. Jaribio la kukausha ethanoli juu ya kioo ni la ukoo huo huo. Yote mawili yanauliza swali moja: kuna kitu gani humu ambacho sikukiweka mimi?

Ubunifu wa mpira wa dripu siuweki upande wa makosa. Bila huo tusingejua kwamba kasi ya ethanoli ndiyo inayoleta punje nyeusi. Tulichokosea ni kutokuuliza umetengenezwa kwa kitu gani kabla ya kuupitishia ethanoli. Chombo cha hospitali ni kisafi kwa maana ya hospitali, yaani hakina vijidudu. Mpaka wa vimiminika una maana yake nyingine ya usafi.

Pia tulibadilisha mambo mawili kwa wakati mmoja zaidi ya mara moja. Tulipoanza kutumia mpira wa dripu, siku hiyo hiyo tulibadilisha na ukubwa wa bakuli, na kwa siku kadhaa hatukujua utando dhaifu unatokana na nini. Haraka ilikuwa ya kwangu; ripoti ya muhula ilikuwa inakaribia.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa la kwangu pia, na halikuwa la kemia. Nilipoona mabaka nilimtazama mtu kabla ya kutazama vitu. Mwanafunzi aliposikia kwamba mikono yake ndiyo mibaya, aliacha kuuliza maswali kuhusu maji na vyombo, kwa sababu angeonekana anatafuta visingizio. Baadaye aliniambia kwamba wiki ya pili alikuwa ameshaona povu dogo kwenye dumu alipolijaza, akanyamaza. Kama ningeuliza "umeona nini?" badala ya kuandika "rudia," tungekuwa tumefika kwenye dumu siku hiyo, na chupa ikiwa karibu kujaa. Fundi alifika kwa sababu alitazama bakuli, na hakuwa na haja ya kujua nani alilishika.

Ukurasa wa daftari wenye maneno yangu bado upo, kwa kuwa daftari la maabara halichanwi wala halifutwi. Chini yake nimeandika kwa kalamu nyekundu tarehe ya jaribio la chupa mbili, namba ya ukurasa wenye matokeo yake, na maneno haya: "Mikono ilikuwa sawa. Dumu." Nimetia saini, na mwanafunzi ametia yake.